Pakiti ya kutarizi herufi kwenye kanvasi: uzoefu wangu

Pakiti hii niliinunua ili nitarizi herufi tatu za mwanzo za majina kwenye foronya ya mto mdogo. Ndani mna kanvasi ya matundu 13 kwa inchi, sindano butu namba 20, sufu za rangi mbili na kijitabu cha alfabeti zilizochorwa kwenye miraba. Kanvasi ni imara na sindano inapita bila kukwama. Hapo sina neno.

Kilichonifurahisha hasa ni kijitabu. Kwenye kanvasi, mshono wa kawaida hulala mshazari, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Kwa hiyo mguu wa herufi unaopanda kuelekea kulia hutoka laini, maana mshono mmoja unapoishia ndipo mwingine unapoanzia. Mguu unaoshuka kuelekea kulia hauna bahati hiyo: mishono hukaa sambamba, haigusani ncha kwa ncha, na mstari hutoka kama meno ya msumeno. Ndiyo sababu A, V na W nyingi huonekana zimepooza upande mmoja. Michoro mingi hulipita jambo hili kimya. Hapa kila mraba wa mguu huo umewekewa alama kwamba mshono ugeuzwe, ulale upande wa pili. A yangu imesimama kwa miguu yote miwili, na nimeifurahia mno! Kanvasi huchungulia kidogo pale mishono iliyogeuzwa inapokutana na ya usuli, yaani eneo linalozunguka herufi, lakini sufu nene hufunika.

Kijitabu pia kinaeleza mpangilio: herufi tatu zikilingana kimo, zifuate mfuatano wa majina, ya kati ikiwa kubwa, hiyo iwe ya jina la ukoo. Herufi ndogo zina kimo cha mishono 7, yaani zaidi kidogo ya nusu inchi kwenye kanvasi hii, na bado zinasomeka.

Nisichokubaliana nacho ni ushauri wa kujaza usuli kwa mshono nusu, ule unaolala mshazari mbele lakini nyuma huacha uzi mfupi tu. Ni kweli unaokoa sufu, ila nyuma hubaki pembamba na kanvasi huvutika ikaenda upande. Mimi nilijaza kwa mshono wa kikapu, safu za mshazari zinazopanda na kushuka kwa zamu. Nyuma pamesukika vizuri na pembe za kanvasi zimebaki mraba. Mshono huo hula sufu nyingi, na iliyomo haitoshi. Ukiongeza, tafuta iliyotiwa rangi kwa mkupuo mmoja na ya kwanza, kwa sababu tofauti ndogo tu huonekana waziwazi kwenye usuli mtupu. Na usipitishe uzi wa rangi nzito nyuma ya usuli mweupe, utaonekana.

Kama herufi zako ni L, T au E, mchoro wowote utakufaa. Kama kuna A, M, V au W, nunua hii.