Kamera ya kwanza ya kupigia nyota: uanze na ipi hapa Dar?

Muuzaji wa Kariakoo atakutajia megapikseli. Mwache amalize, kisha muulize: skrini yake inafunguka na kugeuka? Kwa anga letu hilo ndilo swali. Katikati ya Julai, mnamo saa nne na nusu usiku, kitovu cha Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, hufika karibu nyuzi 68 juu ya upeo wa Dar, yaani unakaribia kuangalia utosini. Kamera yenye skrini isiyogeuka itakulaza chali kwenye mchanga wa Kimbiji kila unapotaka kupanga picha.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Nikon D5300 iliyotumika. Ni ya mwaka 2013, ina megapikseli 24, na ukiongeza mwanga sehemu za giza wakati wa kuhariri, chenga (vitone vya ovyo kwenye picha) haziji haraka. Wengine huikwepa kwa sababu haina mota ya fokasi ndani. Kwenye nyota wala haikuhusu, maana fokasi unaiweka kwa mkono: kuza nyota moja angavu kwenye skrini, zungusha pete ya lensi polepole mpaka nyota iwe ndogo kabisa, uache hapo.

Ya pili, Canon EOS 600D ya 2011. Ni kongwe na chenga zake huziwezi kuzificha, lakini skrini inageuka, na lensi ya Canon hukosi pa kuazima ukiwa na rafiki anayepiga picha za harusi. Bajeti ikibana, chukua hii.

Ya tatu ni Sony a6000. Sensa safi, uzito gramu 344 tu, skrini inainuka. Shida ni lensi zake. Hizo ndizo zitakazokumaliza mfukoni. Nikon D3300 na Canon 2000D hazina ubaya, ila skrini zake hazigeuki. Simu iache kwa sasa, labda kama tayari unayo yenye hali ya kupiga nyota.

Chenji yote iende kwenye stendi nzito na lensi. Ile ya 18-55mm inatosha kuanzia: ukiwa kwenye 18mm, picha moja usiipige kwa zaidi ya sekunde 18 hivi, la sivyo mzunguko wa Dunia utageuza nyota kuwa vistari. Baadaye tafuta 35mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lensi ni pana zaidi), inaingiza mwanga karibu mara nne ya f/3.5 ya hiyo 18-55mm.

Kabla ya kulipa, kumbuka unyevu wa pwani unaua lensi. Mulika tochi ya simu kwa nyuma, uchungulie kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe hata akushushie bei. Kisha funika lensi, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, piga sekunde 30, ukuze picha. Vitone vichache vyekundu au vya bluu ni kawaida. Vikiwa vimetapakaa kila kona, nenda duka la pili.