Leza kwa dereva wa treni: miwani ama tinti ya kioo?

Jamani hivi vijitochi vya leza watoto wanachezea huku mtaani, ukimmulika dereva wa treni usiku si mchezo tena, macho yashazoea giza halafu mwanga wapiga kioo cha mbele unatawanyika kote, hata ukizimwa bado aona madoa tu na treni yaendelea kwenda, na treni haishiki breki kama tuktuk ya Likoni ati.

Sasa miwani ya kukinga leza. Uzuri wake ni rahisi, dereva akihama treni aenda nayo, na leza ya kijani ambayo ndo inasumbua zaidi (urefu wa wimbi lake nanomita 532, jicho laiona kali kuliko nyekundu) inakatwa vizuri. Lakini hapa ndo pana shida, ikikata kijani sana na taa ya ishara ya kijani nayo yafifia! Na leza ya buluu, nanomita 450 hivi, yapita kama kawaida kama miwani ni ya kukata kijani peke yake. Halafu lazima uwe ushaivaa kabla, ukimulikwa ndo waitafuta kwa mkoba, bas ushachelewa.

Tinti ya kioo, ile karatasi ya plastiki ya kubandika kwa kioo cha treni kukata leza, iko hapo saa zote, huna haja ya kukumbuka. Ila nyingine zategemea pembe, leza ikija kwa upande yaponyoka, na ni kubandika kila kichwa cha treni, gharama hiyo.

Mimi ningechukua miwani, ile ya rangi nyepesi, lakini ipimwe na taa za ishara za reli kwanza.