Taa za breki hazizimi, fundi ananiambia ni takataka za wanangu

Jina la gereji silitaji, wenyewe wanajijua. Ipo hapa hapa Dar, kando ya barabara kubwa. Nawapa nyota moja, na hiyo ni ya kijana anayeosha magari, maana ndiye pekee aliyenisalimia.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo. Usiku mlinzi anagonga geti: "Mama, taa za breki zinawaka." Gari limezimwa, ufunguo ninao mimi ndani. Taa hizo zinachukua moto moja kwa moja kwenye betri, hazisubiri ufunguo, kwa hiyo asubuhi betri ilikuwa imekwisha kabisa. Jirani akanibusti.

Kwenye kapeti, chini ya pedeli ya breki, nikakuta vipande vya plastiki vilivyokauka na kupukutika. Nikavifunga kwenye tishu, nikaenda navyo gereji. Fundi umeme hata hakuvigusa. "Mama, hizo ni takataka za wanao. Sisi hapa tunatafuta umeme." Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Wanangu mimi hawakai kiti cha dereva! Na hata wangekaa, kuinama na kuchungulia kunagharimu nini?

Akabadilisha balbu za nyuma. Taa zikabaki zinawaka. Akasema swichi ya breki imekufa, nikalipia swichi. Sasa swichi hiyo inakaa juu ya pedeli, huwezi kuifunga bila kuingiza kichwa chini ya dashibodi, maana yake tundu la mkono wa pedeli, pale vilipotoka vile vipande vya plastiki, lilikuwa mbele ya pua yake na hakuliona.

Jioni naambiwa tayari. Kweli, taa zimezima. Nikafurahi, nikampa na ya soda. Naweka gia, haitoki kwenye P, ile ya kuegesha. Akanionyesha kidude cha kubonyeza pembeni: "Haya magari ndivyo yalivyo, mama." Nikaondoka. Mbele kidogo bodaboda ananifuata akipiga kelele kwamba nafunga breki bila taa. Ndugu zangu, yule fundi alikuwa amechomoa fyuzi ya taa za breki! Ndiyo maana hata gia iligoma, kwani gari langu la otomatiki haliachii P mpaka lipate taarifa kutoka swichi ya breki. Kanituma kwenye foleni ya Ubungo, daladala zimenigandia nyuma, sina taa hata moja ya kusema nasimama. Huu si uzembe tena, sijui niuiteje.

Aliyenitatulia ni mzee mmoja wa duka la spea kule Gerezani. Nikafungua ile tishu, hata sijamaliza kueleza, akasema, "Kibusha cha pedeli hicho." Bei yake hata sahani ya chipsi mayai hupati. Akanielekeza kwa utulivu: mkono wa pedeli una tundu, kibusha kinaliziba. Ukiwa hujakanyaga, kibusha kinasukuma kijiti cha swichi ndani na taa zinazima. Ukikanyaga, kijiti kinatoka, taa zinawaka. Kibusha kikizeeka kinavunjika, kijiti kinapenya kwenye tundu, na gari linadhani umekanyaga breki usiku kucha.

Kwa hiyo likikutokea, kabla ya kumwona mtu yeyote, bonyeza kile kijiti kwa kidole. Taa zikizima, swichi ni nzima, tafuta kibusha. Zisipozima, chomoa soketi ya swichi. Zikizima hapo, swichi ndiyo mbovu. Zikiendelea hata hapo, basi kuna waya umegusana mahali, ndipo umtafute fundi umeme, ila anayeinama. Usiku vua terminali ya hasi ya betri. Fyuzi usiichomoe ukaingia nayo barabarani.

Haki isemwe, gereji hiyo hiyo iliwahi kunifungia shokapu na hadi leo hazigongi. Kwa kazi za chini ya gari ni wazuri, nisiwaharibie riziki. Pengine siku ile fundi alikuwa na mambo yake.

Lakini nikikumbuka lile benchi linavyocheka, hapana. Msiende. Hata kwa shokapu msiende. Na swichi yangu ya awali, ambayo kumbe ilikuwa nzima, hawajanirudishia mpaka sasa. Kila nikipiga simu naambiwa fundi ametoka. Naitaka swichi yangu.