Tahadhari: rotaveta "mpya" za trakta ndogo zinazouzwa Nairobi, na jinsi ya kuzikagua kabla hujalipa

Kama una trakta ndogo ya HP (nguvu za farasi) 18 hadi 30 na unatafuta rotaveta, yaani mashine ya kusaga udongo kwa visu vinavyozunguka, hapa Nairobi, zuia pesa zako kwanza. Kuna wauzaji wanaochukua rotaveta zilizochoka, wakaunganisha vipande vya mashine mbili tatu, wakapulizia rangi ya machungwa au nyekundu na kubandika stika ya kiwanda kinachojulikana. Kisha huziuza kama mpya kutoka India au kama mtumba safi kutoka Japani. Utazikuta katika baadhi ya yadi za Industrial Area na Kariobangi Light Industries, jirani kabisa na wauzaji waaminifu, na pia kwenye Facebook na WhatsApp. Kundi la pili halina mashine hata moja, lina picha na namba ya simu tu. Tutalifikia, lakini kundi la kwanza ndilo linalohitaji maelezo marefu, kwa sababu hao wanaweza kukuharibia hata trakta yenyewe.

Nenda na tepe ya kupimia, tupa ya chuma, sumaku, chaki, spana na mtaimbo. Muuzaji akikukataza kugusa mashine, ondoka.

Uongo wa kwanza huwa kwenye upana. Muuzaji ana mashine ya mita 1.5 au 1.8 iliyotoka kwa trakta kubwa, basi atakuambia trakta yako itaimudu ukienda na gia ya chini. Rotaveta haivutwi kama plau. Inazungushwa, na nguvu inayoizungusha ni ile inayofika kwenye PTO, yaani mhimili wa nyuma wa trakta, si ile iliyoandikwa kwenye boneti. Injini ya HP 25 hufikisha takriban HP 21 kwenye PTO. Kila futi moja ya upana inataka angalau HP 5 za PTO, kwa hiyo HP 21 zinatosha futi 4, karibu mita 1.2, kwenye udongo mwekundu wa Kiambu au Limuru uliozoea kulimwa. Kwa udongo mweusi wa Kitengela, Athi River, Ruai au Kamulu, shuka hadi mita 1. Ukilazimisha mita 1.5, injini inaelemewa na klachi inaungua, na ukiinua mashine magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi hadi usukani haushiki. Pima pia trakta yako kutoka nje ya tairi moja ya nyuma hadi nje ya nyingine. Rotaveta ikiwa nyembamba kuliko hapo, iwe na fremu inayosogezwa upande ili angalau ifute alama ya tairi moja. Muuzaji anayejua kazi atakuuliza HP, upana wa tairi na aina ya udongo kabla hajataja bei. Asiyeuliza lolote anataka tu yadi yake ipate nafasi.

Halafu hesabu meno ya shafti inayoingiza nguvu. PTO ya mizunguko 540 kwa dakika hutumia shafti ya milimita 35 yenye meno 6. Ukikuta meno 21, mashine hiyo ni ya mizunguko 1000. Hapo ndipo utaonyeshwa kipande cha kuunganisha chenye meno 21 upande mmoja na 6 upande wa pili, uambiwe ni kitu cha kawaida. Kitaingia, ndiyo, lakini visu vitazunguka kwa karibu nusu ya kasi yake na kukuachia mabonge, huku giaboksi ikibeba mzigo mzito kuliko ule iliyoundiwa. Wengine hubadilisha shafti yenyewe ili mnunuzi aone meno 6, kwa hiyo usiishie kuhesabu. Mashine ikiwa imeinuliwa na kuwekewa vigogo imara, piga alama ya chaki kwenye shafti na kwenye mhimili wa visu, kisha zungusha shafti kwa mkono mara 10. Kwa rotaveta ya 540, mhimili wa visu huzunguka mara 3 na kitu hadi 4 na nusu hivi. Ukizunguka mara 2 tu au kidogo zaidi, hiyo ni ya 1000, iwe na meno mangapi. Zipo giaboksi zenye gia za kubadilisha kasi, na kwa hizo dai kuona jedwali la kasi. Trakta nyingi za Kijapani nazo zina PTO yenye kasi kadhaa. Ya kwanza ndiyo iliyo karibu na 540, na ndiyo ya kutumia.

Rotaveta za mtumba wa Japani zina mtego wake. Nyingi ziling'olewa kwenye trakta zilizotoka nazo kiwandani, na hufungwa kwa fremu ya trakta ile, si kwa mikono mitatu ya kawaida ya kubebea vifaa nyuma ya trakta. Kategoria 1, kipimo cha kawaida cha mikono hiyo kwa trakta ndogo, ina pini za chini za milimita 22, pini ya juu ya milimita 19, na nafasi ya karibu milimita 683 kati ya masikio ya chini. Vipimo visipolingana utaambiwa fundi atachomelea. Masikio yaliyochomelewa kwa kukadiria hayakai sawa, na mashine italima kina kirefu upande mmoja na kukwaruza upande wa pili. Tena visu vya nyingi kati ya hizo huingia kwenye tundu na kushikwa na bolti 1, ilhali visu vya umbo la L vinavyopatikana kwa wingi mjini vina matundu 2 na hufungwa kwenye sahani za chuma. Ulizia Kirinyaga Road kama visu vya akiba vya mashine hiyo vipo kabla hujaanza kujadili bei.

Visu ndivyo udanganyifu unapojificha vizuri zaidi. Kisu halisi ni chuma cha boroni au cha springi kilichokazwa kwa moto, unene wa milimita 7 au 8 hivi kikiwa kipya. Kisu bandia ni bamba la chuma laini lililokatwa kwa grainda, likapindwa na kupakwa rangi nyeusi. Sugua tupa kwanza kwenye fremu usikie inavyong'ata, kisha kwenye makali ya kisu. Kwenye chuma kilichokazwa tupa huteleza, au hung'ata kidogo kwa shida. Ikila kisu kwa urahisi ule ule ilivyokula fremu, visu hivyo vitapinda kwenye mawe na kuisha haraka. Jaribu visu vingi, hasa vya katikati, kwa sababu vile vizuri vichache huwekwa pembeni ambako mnunuzi huinama kutazama. Tusiwaonee mafundi wa jua kali: anayejua kukaza springi ya lori na kisha kuipasha tena kwa moto wa kadiri hutoa kisu kizuri. Hatari ni springi iliyochomwa ikawa nyekundu, ikatumbukizwa majini na kuachwa hivyo. Inakuwa ngumu lakini inakatika, na kipande kinachoruka kutoka rotaveta kinaweza kumuua mtu. Bolti za visu ziwe na alama 8.8 au 10.9 kichwani. Zisizo na alama hulegea au kukatika, na kisu kimoja kikitoka mtetemo huanza kuvilegeza vingine.

Ukimaliza visu, simama ubavuni utazame kwa urefu wa mhimili. Kila sahani inafaa iwe imegeuzwa kidogo kuliko jirani yake, visu vikapanda kama ngazi ya mzunguko, ili vigonge ardhi kwa zamu. Kwenye mashine za kuunga-unga utaona sahani zimechomelewa kwa mstari mmoja. Hapo visu vingi hugonga pamoja, trakta inaruka-ruka, na kila pigo linarudi kwenye giaboksi na PTO. Katika sahani za katikati, nusu ya visu huelekea kushoto na nusu kulia. Za mwisho huelekeza visu vyake ndani. Makali ndiyo yatangulie kwenye mwelekeo wa mzunguko, si mgongo wa kisu. Ukikuta vimefungwa kinyume, jua aliyeiunganisha hajui kazi hii, na huna sababu ya kuamini alichofanya ndani usikokuona.

Ndani usikokuona ni giaboksi. Shika mhimili wa visu usisogee, kisha tikisa shafti ya kuingiza nguvu kushoto na kulia. Uhuru mdogo ni wa kawaida. Shafti ikienda robo ya mzunguko kabla visu havijaitika, gia zimekwisha, au cheni ya ubavuni imelegea. Fungua nati ya kupimia oili na uingize waya safi. Inayotakiwa ni oili ya gia, kwa kawaida SAE 90. Rangi ya maziwa ni maji. Inayong'aa vumbi la chuma ni gia au beringi zinazosagika. Ukitoa grisi nzito, au grisi iliyochanganywa na vumbi la mbao, funga mkoba: hiyo ni mbinu ya zamani ya kunyamazisha gia zinazolia na kuzuia uvujaji wa sili zilizokufa. Gia huisukuma grisi pembeni ikabaki imegandamana kwenye kuta, beringi zikakauka, na kelele zinarudi mashine ikishafika shambani kwako. Tazama pia mwisho wa mhimili ulio mbali na cheni au gia za ubavuni. Nyasi, kamba za nailoni na waya hujisokota pale, zikakata sili, oili ikatoka na udongo ukaingia. Ingiza mtaimbo chini ya mhimili uinue: ukicheza juu na chini, beringi imekufa. Zungusha mhimili polepole huku umeshikilia kipande cha waya karibu na bomba lake. Nafasi ikipanuka na kubana, bomba limepinda.

Propela, yaani shafti ya mabomba mawili yanayoingiliana inayounganisha PTO na rotaveta, ndiyo wanunuzi wengi husahau, na muuzaji hutoa yoyote iliyo karibu. Ikiwa ndefu mno, ukiinua mashine mabomba yanakutana mwisho na kusukuma beringi za PTO hadi nyumba yake inapasuka. Ikiwa fupi mno, inachomoka ikizunguka. Katika hali ya kazi mabomba yaingiliane angalau theluthi moja, na yanapokaribiana kabisa ibaki nafasi ya sentimita 2 na nusu. Iwe na kinga ya plastiki nzima inayozunguka huru. Shafti isiyo na kinga hunasa nguo na kuua. Lazima pia kuwe na klachi ya kuteleza au bolti ya kukatika ili jiwe lisivunje gia. Klachi iliyopuliziwa rangi pamoja na sahani zake mara nyingi imeganda na haitelezi tena. Bolti ya kukatika iliyobadilishwa kwa bolti ngumu ni sawa na kutokuwa nayo.

Kuhusu rangi, pitisha sumaku kwenye kifuniko cha juu ya visu na ubavu. Isiposhika kuna bodifila (lipu ya kuziba bodi) iliyofunika tundu au ufa. Kibao cha kiwanda kiwe cha chuma na chenye namba ya mashine. Stika peke yake haithibitishi kitu.

Mwisho wa ukaguzi, ifungwe kwenye trakta na izungushwe kwa 540 ikiwa imeinuliwa kidogo tu, watu wote wakiwa mbali, kwa dakika 15. Zima kila kitu, subiri visu visimame, kisha gusa giaboksi. Joto ni sawa, lakini usipoweza kuacha mkono pale kwa sekunde 5, kuna tatizo. Tafuta oili mpya chini ya sili.

Sasa wale wa picha. Bei yao iko chini kupita kiasi, mzigo uko bandarini Mombasa au kwenye bohari ya makontena ya Embakasi, na inahitajika depositi ya "kuutoa" leo kwa sababu mteja mwingine yuko njiani. Mwombe video akizungusha shafti kwa mkono huku kando kukiwa na karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako. Picha zilizoibwa haziwezi kufanya hivyo. Jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla hujathibitisha lilingane na jina la biashara. M-Pesa inaruhusu hadi KSh 250,000 kwa muamala mmoja, na matapeli hutumia kikomo hicho kama kisingizio cha kukupa namba za watu watatu tofauti. Mashine ya bei kubwa kiasi hicho ilipiwe kwa akaunti ya benki ya kampuni, baada ya kuiona, na upewe ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA.

Kwenye ankara hiyo dai yaandikwe maneno haya: "rotaveta mpya" au "iliyotumika", upana, namba ya mashine, na "kwa trakta ya HP 25, PTO 540, kategoria 1", kulingana na trakta yako. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake, na maandishi hayo ndiyo ushahidi wako.

Kama umeshatuma pesa na muuzaji amezima simu, tuma ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwenda 456 papo hapo kabla hazijatolewa, ripoti namba hiyo kwa 333, kisha uandikishe taarifa kituo cha polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kama umepewa mashine mbovu, usiifungue kwanza. Piga picha za sili, namba na visu, mwite fundi mwingine aandike na kusaini alichokuta, na umwandikie muuzaji kudai pesa zako. Akigoma, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi KSh 1,000,000, wakili si lazima, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Kwa Nairobi ipo Milimani. Nenda na ankara, jumbe zote za simu na ile karatasi ya fundi.