Seti ya vyuma ya kilo 20: inamfaa nani, na akiwa na umri gani

Ukizikuta soko la Mwanjelwa au kwenye maduka ya katikati ya jiji la Mbeya, seti hizi zinafanana: sahani nyeusi za plastiki zilizojazwa saruji, mipini 2 mifupi, nati 4, na bomba la kuunganisha mipini iwe mti mmoja mrefu. Boksi limeandikwa kilo 20. Mpangilio wa kawaida ni sahani 4 za kilo 2, 4 za kilo 1.5 na 4 za kilo 1.25, jumla kilo 19. Kila mpini una karibu nusu kilo. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua seti imfae nani.

Ukigawa sahani sawasawa, kila mkono unaishia kilo 10. Mwanzoni unapanda taratibu: 3, 3.5, 4.5, 6, 7, 7.5. Baada ya hapo hakuna kitu mpaka 10. Kutoka 7.5 kwenda 10 ni kuongeza theluthi nzima ya mzigo kwa mkupuo. Kijana wa miaka 22 huruka pengo hilo kwa ubishi tu. Bega la mtu wa miaka 48 haliruki: misuli inakubali, kano (nyuzi zinazofunga misuli kwenye mfupa) zinagoma, kwa kuwa kano huzoea mzigo polepole kuliko misuli, na umri huzidi kuzichelewesha. Wengi wanaoacha mazoezi hapo husingizia uzee.

Dawa ya bure ni kufanya mkono mmoja mmoja, sahani za mipini yote zikae kwenye mpini mmoja. Sahani 4 za kilo 2 zinakupa 8.5, mbili za kilo 2 pamoja na nne za kilo 1.25 zinakupa 9.5. Dawa ya kulipia ni fundi wa kuchomelea. Mwambie akate duara za bamba la chuma la milimita 8, kipenyo sentimita 10, zenye tundu katikati. Kila moja itakuwa na gramu 450 hivi. Pima unene wa mpini wako kabla ya kwenda. Mingi ni milimita 25, na tundu likizidi 28 duara linacheza. Kingo zipigwe tupa, la sivyo zitakuchana mapaja.

Sasa ubovu wake. Kwa ujazo uleule chuma kina uzito wa zaidi ya mara tatu ya saruji, ndiyo maana sahani hizi ni nene na pana. Ukilala chini na kusukuma vyuma juu ya kifua, sahani hugusa sakafu kabla mkono haujashuka vya kutosha. Lala kwenye benchi au mbao iliyoinuliwa. Sahani ikiangukia sakafu ya saruji plastiki hupasuka, unga ukaanza kumwagika na uzito ukapungua upande mmoja. Tandika magunia mawili yaliyokunjwa. Nati zina pete ya mpira kwa ndani. Pete ikikosekana, nati hulegea mpini ukizunguka, na hilo halifai kutokea ukiwa umenyanyua juu ya kichwa. Kaza kila unapomaliza mzunguko wa zoezi. Bomba la kuunganishia ndilo sehemu dhaifu kuliko zote: uzi wake wa skrubu uko katikati kabisa, pale mzigo unapokunja. Libaki kwa mazoezi mepesi ya mikono.

Kabla ya kulipa, omba sahani zipimwe kwenye mizani ya duka la nyama. Iliyoandikwa 2 ikitoa 1.8, gawanya bei kwa kilo halisi, kisha linganisha na bei ya chuma kitupu.

Kwa miguu, kilo 20 ni chache kwa yeyote mwenye afya. Usihangaike kutafuta uzito zaidi; badili mwendo. Weka mguu wa nyuma juu ya kigoda, shuka na wa mbele kwa sekunde 4, panda kawaida, mara 8 kila upande. Kilo 10 tu zitakutosha kwa miezi. Usibane pumzi wakati wa kunyanyua, hasa mwenye presha. Asubuhi za Juni na Julai Mbeya viungo vimekakamaa kwa baridi, kwa hiyo dakika 10 za kupasha mwili si hiari kwa aliyevuka 40. Siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha, na siku ya kupumzika katikati.

Seti bila chakula ni mapambo ya sebule. Kosa la kawaida huku Nyanda za Juu Kusini ni kuendelea na mlima wa ugali wa enzi za jembe wakati sasa unashinda ofisini, na protini yote kuisubiri chakula cha jioni. Chai na maandazi asubuhi haijengi kitu. Mwenye kilo 70 anayefanya mazoezi alenge walau gramu 84 za protini kwa siku, zikigawanywa kwenye milo. Mayai 2 ni gramu 12, glasi 2 za maziwa 16, vikombe 2 vya maharage yaliyopikwa 30, ugali wa unga gramu 200 kama 16, kiganja cha karanga 7. Imebaki kidogo, dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa wanaijaza. Maharage yaloweke usiku kucha: kwa mwinuko wa Mbeya, kama mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hivyo maharage huchelewa kuiva, na yasiyoiva ndiyo yanayojaza tumbo gesi hadi mtu ayakimbie.

Kwa anayeanza, na kwa mwenye miaka 40 na kuendelea anayetaka kulinda misuli yake nyumbani, nunua, ukiongeza duara 4 za fundi. Kijana anayetaka kuchuchumaa na kilo 80 mabegani aipitie mbali. Pesa hiyo ailipie jimu.