Chakula cha Kukoleza Rangi ya Kamba wa Tangini: Uzoefu Wangu wa Miezi Mitatu

Ninafuga kamba wadogo wekundu wa jamii ya Neocaridina davidi katika tangi la lita 40, sebuleni kwangu Tudor, Mombasa, na watu wa nyumbani hawajaacha kuwaita uduvi. Mwezi wa Januari niliona wekundu wao umefifia, hata baadhi yao ukiwatazama unaona matumbo, nikanunua kopo la gramu 30 la chembe za kukoleza rangi kwa shilingi 950, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba wiki mbili zingetosha.

Hazikutosha. Kopo linataja astaksantini, yaani rangi nyekundu ya asili, na spirulina, aina ya mwani mdogo sana, na hapo halidanganyi, kwa kuwa kamba hawezi kujitengenezea wekundu huo asipopata karotenoidi, yaani rangi za asili za jamii hiyo, katika chakula. Ni rangi ileile inayojitokeza kamba wa baharini wanapoingia sufuriani: walipokuwa hai ilifungwa na protini ikajificha, na moto ndio unaoifungua. Kosa lilikuwa pupa yangu. Niliwatilia kijiko kizima kila siku, mabaki yakaozea ndani ya changarawe, nami nikaokota kamba sita waliokufa kabla ya kutambua kwamba tangi kama langu linatosheka na chembe chache mara tatu kwa wiki, na kwamba kilichobaki baada ya saa mbili hakina budi kutolewa.

Nilipojirekebisha, majike walianza kukolea katika wiki ya tano. Madume walibadilika kidogo mno, jambo ambalo sikulihesabu kuwa dosari ya chakula, kwa kuwa katika kamba hawa jike ndiye mwenye rangi nzito.

Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi halikutoka koponi. Niliondoa changarawe nyeupe niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya pambo nikatandaza nyeusi, na katika siku chache kamba walewale wakaiva kana kwamba nimeleta wapya. Kamba hujifananisha na mahali alipo: juu ya weupe rangi hujikusanya ndani ya seli zake, na juu ya weusi hutanda. Ili nisikipe chakula sifa isiyo yake, nilikuwa nimewatenga kumi katika chombo chenye changarawe ile nyeupe, wakiendelea kula chembe zilezile. Hao wamebaki na rangi ya waridi, nzuri kuliko ya Januari, lakini mbali na ya wenzao.

Joto nalo lina sehemu yake. Mwezi wa Machi kipimajoto changu kilisoma nyuzi 31, hali kamba hawa hustawi zaidi kwenye nyuzi 22 hadi 26, na mnyama anayehangaika hupauka hata ukimlisha nini. Feni ndogo niliyoielekeza juu ya maji iliyashusha hadi 28, ingawa maji hupungua haraka na nalazimika kuyajazia kwa maji ya mvua, kwani ya kisima chetu, yanayopita kwenye mawe ya matumbawe, yana madini mengi tayari. Majani makavu ya mkungu, ambayo huokotwa bure chini ya miti mtaani, niliyachemsha nikayatia tangini, na kamba hushinda juu yake wakitafuna utando unaoota hapo.

Jambo ambalo kopo halisemi ni kwamba chakula hakibadilishi nasaba. Mababu wa kamba hawa porini walikuwa wa rangi ya kahawia iliyofifia, na wekundu ulipatikana kwa wafugaji kuchagua kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo waliopauka tangu utotoni ninawahamisha wasizaliane na waliokolea.

Kopo langu limefika nusu, na chembe zimeanza kushikana kwa unyevu wa hewa ya pwani. Nitanunua tena, ila safari ijayo nitatafuta la gramu 10.