Nilinunua sabufa mara mbili kwa sababu ya omu

Sabufa, yaani spika ya besi, ninayoitumia sasa kwenye gari ni ya inchi 12, ina koili mbili (waya zilizosokotwa zinazosukuma koni) za omu 4 kila moja (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na inasukumwa na amplifaya ya chaneli moja. Huu ni mwezi wa nane tangu niifunge, na naipenda sana. Ila si ya kwanza kuingia kwenye buti la gari hili, na habari za ile ya kwanza ndizo zitakazomfaa zaidi anayejiandaa kununua.

Amplifaya nilikuwa nayo tayari. Kijitabu chake kinasema wati 300 RMS kwa omu 4, wati 500 RMS kwa omu 2, na chini yake kuna onyo kwamba isifungiwe mzigo ulio chini ya omu 2. Mimi nilisoma 500 nikaishia hapo. Nikachukua sabufa ya wati 500 RMS yenye koili mbili za omu 2, nikaamini vimekutana. Angalau sikudanganywa na ile namba kubwa ya wati 1,500 iliyojaa ubavuni mwa katoni. Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua. RMS ndiyo nguvu ambayo chombo kinaibeba muda wote muziki unapopigwa, na ndiyo ya kulinganisha.

Tatizo lilikuwa kwenye omu. Koili mbili za omu 2, zote zikifanya kazi, zina njia mbili tu za kuungwa. Ukiziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, amplifaya inaona omu 1. Ukiziunga kwa mfululizo, hasi ya koili ya kwanza ikaenda kwenye chanya ya koili ya pili, inaona omu 4. Omu 2 niliyoitaka haimo humo. Fundi aliziunga sambamba. Besi ikapiga kama dakika kumi, kisha kimya, na taa nyekundu ya ulinzi ikawaka. Ikipoa inarudi, nikipandisha sauti inakata tena. Nikaambiwa amplifaya imechoka, ninunue nyingine.

Kabla ya kuitoa nilichomoa waya za sabufa nikazipima kwa maltimita. Ikasoma 0.9, nikaelewa. Kwa asiyewahi kupima: mita husoma chini kidogo ya kilichoandikwa kwenye lebo, kwa hiyo koili ya omu 4 ikisoma 3.4 au 3.6 ni nzima. Usipopata kipimo chochote, koili imekatika.

Niliziunga upya kwa mfululizo, na taa ile haijawaka tena hadi leo. Nikawa napata wati 300, amplifaya ikawa vuguvugu tu hata safari ikiwa ndefu. Kuna aliyenishauri niache koili moja bila kuiunga ili nipate omu 2. Nilikataa, na ninashukuru. Sabufa ya namna hiyo hubeba nusu tu ya nguvu yake, na vipimo vyote alivyotoa mtengenezaji kuhusu boksi vinakuwa havifai tena.

Baada ya muda niliiuza nikanunua hii ya koili za omu 4. Zikiungwa sambamba zinatoa omu 2 kamili, wati 500. Na hapa niseme ukweli ambao wauzaji hawausemi: kutoka wati 300 hadi 500 tofauti ya ukubwa wa sauti ni kama desibeli 2 tu. Inasikika, lakini haikufanyi ushike kichwa. Kama amplifaya yako inatoa wati 300 kwa omu 4 na una sabufa ya omu 4 iliyo nzima, kaa nayo.

Kilichobadilisha mambo hasa ni boksi. Lile la mwanzo lilikuwa dogo mno, lenye tundu la hewa ambalo halikuendana na sabufa yoyote kati ya hizi mbili, na besi ilikuwa inavuma noti moja tu, wimbo wowote uweke. Safari hii nilifuata ujazo wa lita uliotajwa na mtengenezaji, boksi lililozibwa pande zote, mbao nene, gundi kila kona. Sasa nasikia gitaa la besi likitembea noti kwa noti, na ngoma inapiga na kuacha. Anayetaka mtikisiko mkubwa zaidi atapendelea boksi lenye tundu, lakini lazima liwe limepigiwa hesabu.

Kuhusu waya sikubania. Wa betri ni geji 4 ya shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba, maana kwa unene uleule alumini hupitisha umeme kidogo. Fyuzi iko hatua moja kutoka kwenye betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wenyewe usishike moto ukigusa bodi. Waya wa athi, unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye bodi, ni mfupi, na mahali unapofungwa nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Waya za RCA, zinazopeleka sauti kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya, zimepita upande mwingine wa gari, mbali na wa umeme, na sijasikia mluzi wa injini hata mara moja.

Geini, yaani kitufe cha amplifaya cha kuilinganisha na sauti inayotoka kwenye redio, niliiweka kwa mita, si kwa sikio. Wati 500 mara omu 2 ni 1,000, na kipeuo chake cha pili ni volti 31.6. Nilichomoa sabufa, nikaweka redio robo tatu ya sauti, nikapiga mlio safi wa hezi 50, nikapandisha geini taratibu mpaka mita iliposoma kama 31 ya AC. Kupita hapo mawimbi yanaanza kukatwa vichwa, na huko ndiko koili nyingi zinakoungulia. Kichujio kinachozuia sauti za juu zisifike kwenye sabufa nimekiacha hezi 80.

Siku ya kwanza ya sabufa hii ya pili, besi ilikuwa nyembamba ajabu. Koili moja ilikuwa imegeuzwa, zikawa zinavutana. Niliziachanisha nikagusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye kila moja, chanya kwa chanya. Koni inapaswa kusogea nje kwa zote mbili. Moja ilirudi ndani, nikabadilisha waya zake.

Kasoro niliyobaki nayo ni bamba la namba la nyuma kutetema kwenye noti za chini kabisa. Nimelibandika sponji nyuma, limepungua, halijaisha.